Mlima uliojaza madarasa sasa unatafuta watoto

Mkoa wa Kilimanjaro una tatizo ambalo wajumbe wa TANU waliokutana Musoma Novemba 1974 wasingelielewa hata wangeelezwa mara tatu. Shule za msingi zilizojengwa kwa nguvu na michango ya wazazi sasa zina vyumba visivyo na wa kukaa. Viongozi wa mkoa wamefika mahali pa kuwahimiza wakazi wazae. Suala la kuunganisha shule jirani linarudi kila mara vikaoni, na kila likirudi linaamsha wazee, maana hakuna kijiji mlimani kinachokubali kirahisi kwamba shule yake ifungwe na watoto wapelekwe kwa majirani.

Sensa inaeleza sehemu ya kisa hiki. Mwaka 2012 mkoa ulikuwa na watu 1,640,087. Mwaka 2022 walikuwa 1,861,934. Hilo ni ongezeko la kama asilimia 1.3 kwa mwaka, wakati Tanzania nzima iliongezeka kwa asilimia 3.2. Vihamba, yale mashamba ya ukoo ya Wachagga, vimegawanywa kwa wana na wajukuu hadi havigawanyiki tena. Wengine wameshuka tambarare, wengi wamekwenda Arusha, Dar es Salaam na kwingineko, na waliobaki wanazaa wachache kuliko bibi zao. Anayeweza kulipa ada humpeleka mtoto shule binafsi ya Kiingereza. Shule ya kijiji inabaki na wachache.

Huku Mbagala, pembeni mwa Dar es Salaam, mwalimu anaingia darasani akiwa na watoto zaidi ya mia. Nchi ni moja, mtaala mmoja, na kiwango kinachotajwa na serikali ni kimoja: wanafunzi 45 kwa darasa la msingi.

Novemba 2027 itatimia miaka 50 tangu ifike tarehe ya mwisho iliyowekwa Musoma ya kumwingiza kila mtoto wa umri wa shule darasani. Kabla wenye hotuba hawajaanza, historia ya darasa lililojaa inafaa kusimuliwa kutoka mlima huu, kwa sababu hapa ilichukua njia yake yenyewe.

Mwanzo wake unajulikana. Wamisionari wa Kikatoliki walifungua shule Kilema, Kibosho na Rombo kabla karne ya 19 haijaisha; Walutheri wa Leipzig walianzia Machame mwaka 1893. Waingereza walipochukua nchi walifungua shule ya serikali Old Moshi mwaka 1922. Kahawa ikaleta fedha, na chama cha ushirika cha KNCU kilichoundwa mwaka 1933 kikawa na sauti katika mambo ya elimu kama kilivyokuwa nayo katika bei. Mwaka 1961 nchi inapata uhuru, watoto wa shule za msingi Tanganyika nzima walikuwa kama 486,000, na wa sekondari hawakufika 12,000. Sehemu ya Kilimanjaro katika hesabu hizo ilikuwa kubwa kuliko sehemu yake katika idadi ya watu, na kila mtu alilijua hilo, Mwalimu Nyerere akiwa wa kwanza.

Madarasa ya enzi hiyo hayakujaa kwa sababu mlango ulikuwa mwembamba. Mtihani wa darasa la nne ulikuwa chujio, na wengi waliishia hapo. Ukifuta chujio na kufuta ada, darasa linajaa. Serikali ilifuta vyote viwili mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha ikaenda Musoma.

Mpango wa awali, wa mwaka 1969, ulikuwa elimu ya msingi kwa wote ifikie watoto wote mwaka 1989. Miaka ishirini, hatua kwa hatua. Pale Musoma chama kiliamua ifikiwe Novemba 1977. Miaka kumi na miwili ilikatwa kwa uamuzi wa kikao kimoja. Profesa Issa Omari na wenzake, waliochapisha mwaka 1983 kitabu kuhusu elimu hiyo ya wote, ambayo Watanzania wameizoea kwa herufi tatu tu, UPE, wanatoa picha ya mbio zilizofuata, na takwimu za darasa la kwanza zinatosha kuionyesha. Mwaka 1974 walioanza darasa la kwanza walikuwa kama 248,000. Mwaka 1978 walikuwa 878,321.

Piga hesabu. Tofauti ni watoto 630,000. Ukiwapanga kwa kiwango cha 45, unahitaji walimu 14,000 wa darasa la kwanza peke yake, kabla hujafikiria kwamba mwakani watoto hao watakuwa la pili na wengine wanagonga mlangoni. Hakuna vyuo vya ualimu nchini vilivyoweza kutoa walimu hao kwa muda huo. Vyumba ndiyo hata visizungumzwe: watoto waliingia kwa zamu, wengine asubuhi na wengine mchana, na wengine wakasomea chini ya mti.

Ndipo wakazaliwa walimu wa UPE. Kuanzia mwaka 1976 vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa kutoka vijijini, wakapewa madarasa hapohapo, huku wakisoma ualimu kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na mafunzo ya ana kwa ana kwa wakufunzi waliowatembelea. Zaidi ya 40,000 waliingia katika mpango huo. Fikiria kijana wa miaka kumi na saba au kumi na minane mbele ya watoto sabini, chaki mkononi, naye usiku ana somo lake la redio. Jina "mwalimu wa UPE" baadaye likawa tusi, na ni tusi lisilo haki. Kama si wao, wale watoto wasingekuwa na mwalimu wa kumlalamikia. Miaka thelathini baadaye, sekondari za kata zilipofunguliwa kwa haraka ileile, walimu waliofundwa kwa wiki chache waliitwa "vodafasta", na waliowaita hivyo wengi wao walifundishwa kusoma na mwalimu wa UPE.

Holili ina kumbukumbu yake ya mwaka huo wa 1977. Mji huu uko chini, kwenye joto, barabara ya kutoka Himo kwenda Taveta, upande wa Kenya, katika ile nchi ya tambarare ambayo Wachagga waliiona kwa muda mrefu kuwa pori la kulimia mahindi na maharage, nyumba na migomba vikiwa juu kihambani. Februari 1977, siku zilezile TANU na ASP zinaungana kuwa CCM, Tanzania ilifunga mpaka na Kenya kwa ugomvi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyokuwa ikikata roho. Geti halikufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa hiyo katika kipindi chote cha kishindo cha UPE mzazi wa Holili hakuwa na mlango wa pili. Taveta ilionekana kwa macho, lakini kisheria ilikuwa mbali kuliko Songea. Mtoto alisoma katika shule aliyopewa, na watoto aliopewa kukaa nao.

Ila kero kubwa ya Kilimanjaro haikuwa msongamano wa darasa la kwanza. Hapa ndipo mlima unapoachana na mikoa mingine.

Mwanasayansi wa siasa Mmarekani, Joel Samoff, alifanya utafiti Moshi miaka ya 1960 kuhusu siasa za mji huo, akatoa kitabu mwaka 1974. Baadaye aligeukia shule, na mwaka 1987 aliandika makala kuhusu upanuzi wa shule uliofanywa na watu binafsi na jinsi ulivyoivuta sera ya taifa. Kilimanjaro ndio mfano wake mkubwa. Kwa jicho lake, ugomvi ulihusu kidato cha kwanza.

Hoja ya mlimani ilikuwa hivi. Sehemu kubwa ya watoto wetu tayari wanasoma. UPE inaleta shule Kigoma na Mtwara, na hilo ni jema, lakini sisi inatuletea nini? Nafasi za kidato cha kwanza zilikuwa chache mno kwa nchi nzima, na serikali iliamua kuzigawa kimkoa, kwa kufuata wingi wa wanaomaliza darasa la saba. Kila mkoa mwingine ulipoongeza madarasa yake ya msingi, fungu la Kilimanjaro lilipungua. Mtoto wa Rombo aliyepata alama za juu alirudi nyumbani kulima, na mwenye alama za chini yake kutoka mkoa mwingine akapanda basi kwenda bweni. Wazazi walilisema hilo kwa uchungu, na hadi leo ukikaa na wazee wa Marangu au Mkuu utalisikia likisemwa kana kwamba lilitokea juzi.

Hoja ya serikali nayo ilikuwa na uzito. Kilimanjaro haikupata shule nyingi kwa kuwa watoto wake walizaliwa na akili nyingi. Ilizipata kwa kahawa, hali ya hewa iliyowavutia wamisionari, na miaka sabini ya kuwatangulia wenzao. Kugawa nafasi kwa alama tupu kungekuwa kumpa zaidi aliyekwisha kupewa. Isitoshe Mwalimu alikwisha kuandika mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, kwamba shule ya msingi iwe elimu kamili kwa mtoto atakayebaki kijijini, isiwe ngazi ya wachache kupandia sekondari. Mchagga mwenye robo ekari ya kahawa na wana watano alisoma maneno hayo akauliza swali moja: abaki kijijini kwenye shamba lipi?

Kwa hiyo wazazi wakafanya walichozoea kufanya. Wakachanga. Parokia na dayosisi zikatoa viwanja, Jumuiya ya Wazazi ya chama ikaweka jina lake mlangoni, wenyeji waliokuwa na vyeo Dar es Salaam wakatumia simu zao, na sekondari zikaota kata baada ya kata. Lililomvutia Samoff ni kwamba sera rasmi haikutaka hali hiyo, na bado iliendelea, kwa sababu haohao waliosimamia sera walikuwa na watoto au wapwa mlimani. Tume ya elimu ya Jackson Makweta ilitoa ripoti mwaka 1982, mkondo wa kwanza wa watoto wa UPE ukakaribia darasa la saba, na serikali ikaona haiwezi kuzuia tena. Mwishoni mwa miaka ya 1980 sekondari zisizo za serikali zilikuwa zimezizidi za serikali kwa idadi nchini, Kilimanjaro ikiwa mbele.

Nimekaa kwenye ugomvi huu kwa sababu umefichwa na hadithi nyepesi inayosema Wachagga wanapenda shule. Walipenda, ndiyo. Lakini walilazimika pia kuhesabu, na hesabu yao ilihusu nafasi. Ubora wa kinachofundishwa ndani ya nafasi hiyo ulibaki nyuma, na hadi leo uko nyuma.

Yaliyofuata yana haraka. Karo na michango vilirudi katikati ya miaka ya 1980, uchumi ukiwa hoi, na sehemu ya watoto walioandikishwa ikashuka. Mwaka 2001 ada ya msingi ilifutwa tena, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ukaanza, na kutoka wanafunzi kama milioni 4.4 mwaka 2000 nchi ilifika karibu milioni 7.5 mwaka 2005. Mwalimu aliyekuwa na watoto arobaini na kitu akajikuta, kwa wastani, anakaribia sitini. Kenya ikafanya vivyo hivyo Januari 2003. Januari 2016 ikaja elimu bila malipo chini ya Waraka namba 5 wa 2015, darasa la kwanza likapita watoto milioni mbili, na wakuu wa wilaya wakatumia nusu ya mwaka wakihesabu madawati mbele ya kamera. Mwaka 2021 fedha za kupambana na UVIKO, shilingi trilioni 1.3, zilijenga, pamoja na mengine, vyumba vya madarasa 15,000. Kila wimbi liliwaleta watoto kwanza na kuuliza maswali baadaye.

Swali ambalo halikuulizwa katika mawimbi hayo ni la msingi kabisa: mtoto anajifunza nini zaidi wakiwa arobaini kuliko wakiwa themanini?

Jibu linalotajwa sana duniani lilitoka jimbo la Tennessee, Marekani. Kuanzia mwaka 1985 watoto zaidi ya 11,000 waligawanywa kwa bahati nasibu katika madarasa madogo ya 13 hadi 17 na makubwa ya 22 hadi 25. Waliokaa kwenye madogo walifanya vizuri zaidi, hasa wenye umri mdogo na wanaotoka familia maskini. Mwalimu wa Mbagala akisikia kwamba darasa "kubwa" ni watoto 25 ataomba uhamisho.

Jibu lililo karibu nasi lilitoka magharibi mwa Kenya, na halipendezi. Mwaka 2005, baada ya ada kufutwa na madarasa kufurika, shule 140 kati ya 210 zilizokuwa kwenye utafiti zilipewa fedha za kuajiri mwalimu mmoja wa ziada wa mkataba kwa ajili ya darasa la kwanza. Darasa likashuka kutoka wastani wa watoto 82 hadi 44, karibu kabisa na kile kiwango chetu. Watafiti Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walikuta kwamba watoto waliobaki na mwalimu wa serikali hawakupanda kwa kiwango cha kuonekana. Mwalimu yule, alipopata mwenzake, alipunguza kuingia darasani. Waliofaidika ni waliopangwa kwa mwalimu wa mkataba, na ambako kamati ya wazazi ilifundwa kumsimamia mwalimu huyo matokeo yalikuwa bora zaidi. Pale ambapo darasa liligawanywa kwa uwezo wa watoto, badala ya kukatwa katikati tu, wote walipanda, wenye uwezo na wazito.

Tanzania nayo ina utafiti wake. Kati ya 2013 na 2014 shirika la Twaweza lilijaribu mpango wa KiuFunza katika shule 350: nyingine zilipewa ruzuku tu, nyingine walimu waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto aliyefaulu kusoma na kuhesabu, nyingine zilipata vyote. Ruzuku peke yake haikuongeza kujifunza. Vyote pamoja viliongeza, zaidi ya jumla ya kimoja kimoja.

Asije mtu akachukua matokeo haya kusema kubanana hakuna madhara. Mwalimu mwenye watoto 120 hasahihishi madaftari. Anasahihisha mstari wa mbele, na mtoto wa nyuma anaweza kufika la nne bila kusoma sentensi. Ninachokiona mimi ni kwamba namba 45 ni namba ya mjenzi na mhasibu. Inasema matofali mangapi na mishahara mingapi. Mwalimu aliyekuwa na 82 na kupewa 44 asipobadilisha anavyofundisha, amepata nafasi ya kupumua, basi.

Na hapo ndipo Kilimanjaro inaponiudhi. Kwa miaka mingi takwimu za elimu zimeuweka mkoa huu miongoni mwa yenye wanafunzi wachache zaidi kwa kila mwalimu. Tuna kile ambacho kijana wa UPE mwenye watoto sabini alikuwa akikiota. Kuna vyumba huku mlimani ambamo mwalimu anaweza kumsikiliza kila mtoto akisoma kwa sauti, kila siku, kabla ya kengele ya mapumziko. Mkoa ungeweza kuwa mahali ambapo nchi inajifunza jinsi ya kufundisha darasa dogo. Badala yake hali hiyo inajadiliwa kama upungufu: shule "haina wanafunzi wa kutosha", walimu "wamezidi ikama", msawazo ufanyike, wahamishwe. Msawazo ni haki kwa Geita na Kigoma, sibishani. Lakini ukimhamisha mwalimu na kuunganisha shule mbili ili darasa lirudi 45, utakuwa umejenga upya tatizo lilelile, na safari hii mtoto wa darasa la kwanza anavuka korongo kwenda shuleni msimu wa masika.

Muda wa kuamua si mrefu. Kwa mabadiliko ya Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, na serikali imeshaeleza kwamba mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja. Januari 2028 kidato cha kwanza kitapokea mikondo miwili kwa mpigo. Sekondari za kata kutoka Holili hadi Tarakea zitahitaji vyumba mara mbili kwa watoto hao, au zitawaweka themanini pale walipokuwa arobaini. Shule za msingi zinazotajwa kwenye orodha za kuunganishwa ziko jirani na baadhi ya sekondari hizo. Zina paa, ubao na vyoo. Halmashauri za Rombo na Moshi zinaweza kuanza kwa kuhesabu vyumba hivyo kabla ya kuvifunga.